Mshika Ncha

Innsbruck, Austria
9 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Baba Oswald. Mwambie koti lake bado ninalo, ingawa halifui dafu mbele ya baridi ya huku.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Jumapili ile uliniuliza mara nne kama nimekula, na mara nne nikajibu kwa kelele mpaka wenzangu wakatoka vyumbani kuona nani anapigwa. Masikio yako tuyapumzishe. Katekista Anthony amekubali barua zipitie sanduku la parokia, naye atakuletea hapo Nangara akija kwenye jumuiya.

Nasikia unawaambia watu niko Ulaya nacheza mpira. Hapana, Shangazi. Ninakwea ukuta. Ni ukuta wa mbao, unazidi kidogo paa la nyumba yetu, umefungwa vishikio vya rangi rangi, na chini wametandika magodoro mazito. Kamba hakuna. Ukianguka unaangukia godoro, unajipangusa, unaanza tena. Siku ya mashindano tunapewa njia nne ambazo hatujawahi kuziona, kila njia dakika nne. Kabla ya zamu yako wanakufungia chumbani na simu wanachukua, usije ukajua wenzako wamepitaje. Wenyewe kila njia wanaiita tatizo. Wiki iliyopita nilikuwa wa kumi na moja kati ya wasichana hamsini na watatu, na ndiyo kazi inayoniweka hapa.

Sasa kuna jambo. Mwaka huu kocha anataka wote tukwee pia ukuta mrefu, ule wa kamba, na kila mmoja amshikie mwenzake kamba kwa zamu. Nimemwambia bega linaniuma. Bega haliumi. Najua utaniuliza, basi nakuwahi: sitaki tu.

Mwanao,
Hilaria


Nangara, Babati
16 Machi 2025

Mwanangu Hilaria,

Milele amina, na marahaba. Barua yako imechukua siku ishirini na sita. Nadhani imekuja kwa miguu, tena imepitia Singe kusalimia watu.

Sisi wazima. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya Mutuka tumepanda pamoja na maharage. Goti la Baba Oswald linamsumbua, lakini ukimwambia akapumzike anatafuta jembe. Kiboko ametoka ziwani mara mbili akala bustani ya Mama Goodness, mchicha wote, hakubakisha hata mbegu. Mama Goodness anasema atamshtaki. Sijui atampelekea nani karatasi ya wito.

Kwa hiyo mnapewa matatizo manne kwa dakika kumi na sita, na godoro juu! Sisi huku tunayo bure, na godoro hatupewi.

Nimefurahi uliposema kamba hakuna. Nilikuwa ninaogopa kukuuliza. Unajua tangu mwaka ule sijasokota hata kamba ya kufungia kuku. Watu wa mnadani walikuja, wakaja tena, mwisho wakaacha kuja. Mama Goodness anafunga mbuzi wake kwa kamba ya plastiki ya dukani, inawakata miguu, na nikipita ananiangalia. Mimi naangalia upande wa ziwa. Oswald angekuwa na miaka ishirini na minane sasa. Angekuwa na watoto wa kunisumbua.

Lakini kumdanganya kocha kuhusu bega si vizuri. Hapa kwangu hukulelewa hivyo. Kama hutaki, sema hutaki, na useme kwa nini.

Shangazi yako,
Bernadina


Innsbruck
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwako, kwa Baba Oswald, na kwa mchicha wa Mama Goodness. Leo nimekwenda kanisani nikasikia wimbo mmoja niliokuwa naujua, nikauimba kwa Kiswahili. Bibi wa kiti cha mbele aligeuka akatabasamu.

Nimeumia kidole cha kati, mkono wa kulia. Usishtuke. Tunaning'inia kwa ncha za vidole, basi zile kano za ndani zinachoka kama kamba ya zamani. Daktari amenipa wiki tano. Kila siku nasugua ngozi ya vidole kwa msasa ili isipasuke. Ungeniona ungesema naranda mbao.

Bega nimekiri. Kocha hakukasirika, ila ameweka siku: mwisho wa Septemba. Asiyekwea kwa kamba na asiyemshikia mwenzake hatabaki kwenye timu. Kutobaki maana yake ni kurudi nyumbani na kazi imeisha, na mimi kazi nyingine sijui. Mwenzangu wa chumba, Josephine, msichana wa hapa hapa, alinipeleka kwenye ukuta mrefu kunionyesha kwamba hakuna hatari. Mshikaji wa chini anakuwa na chuma kidogo kiunoni. Kamba inapita ndani yake, na ikivutwa ghafla kile chuma kinaibana chenyewe. Hata mshikaji akizimia, aliye juu hadondoki.

Nilikishika mkononi kile chuma. Kinaenea kwenye kiganja. Nikamrudishia Josephine, nikamwambia naumwa kichwa.

Umesema niseme kwa nini. Bado natafuta maneno.

Hilaria


Nangara
1 Juni 2025

Hilaria mwanangu,

Marahaba. Kidole kinaendeleaje? Kikande kwa mafuta ya kondoo, na huyo daktari asikucheke. Hapa maharage yameiva, tunang'oa. Baba Oswald amekubali fimbo, ila akisikia mtu anakuja anaificha nyuma ya mlango.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Hicho chuma, mwaka 2016 kilikuwapo? Kama kilikuwapo, watu wa kurina asali kule kwenye mwamba wa Dareda hatukuambiwa.

Na mimi nikuulize jambo. Nimekaa nalo miaka tisa, nimelikalia kama mtu aliyekalia jiwe. Siku ile Baba Oswald aliichoma kamba kule kule mwambani kabla hawajashuka. Alisema haiwezi kuingia nyumbani. Nililetewa mtoto, kamba sikuiona. Wewe ulikuwa juu, umeshika ncha, na Oswald alikuwa chini yako kwenye mizinga ya miambani. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, hulali, huli, sikuweza kukuuliza. Baadaye ukaenda shule, ukaenda Arusha kwenye ule ukuta wa wageni, ukaenda huko. Muda wa kukuuliza haukupatikana tena.

Kamba ilikatikia wapi? Karibu na ule mti ilipozungushiwa, au katikati? Nijibu hilo moja tu, mengine yote acha.

Bernadina


Innsbruck
4 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kidole kimepona. Wiki iliyopita tulikuwa na mashindano makubwa, nikaingia fainali kwa mara ya kwanza. Tulikuwa sita. Njia ya tatu ilianza kwa kuruka kutoka kishikio kimoja hadi kingine, hewani hushiki kitu, na mimi peke yangu niliipata mara ya kwanza. Watu elfu kadhaa walipiga kelele. Nilimaliza wa nne. Mwandishi mmoja aliniuliza nilijifunza wapi kukwea, nikamjibu Arusha.

Nakutumia picha. Yule mwenye bendera si mimi, ni mtu tu aliyejitokeza.

Swali lako nimelisoma. Barua hii lazima iwahi posta.

Hilaria


Nangara
17 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Picha yako nimeibandika karibu na ile ya kipaimara. Mama Goodness anauliza kwa nini umekonda namna hiyo na chakula kipo. Nimemwambia mtu mzito haning'inii.

Tarehe kumi na nne Julai tulimfanyia Oswald misa. Tulikuwa wachache. Mahindi yalikuwa shambani na watu wana kazi. Baada ya misa Baba Oswald alikaa kaburini mpaka nikamfuata.

Hukunijibu. Nimefikiri sana kwa nini, na nimeona unanihurumia. Unajua kamba ilikatikia wapi, na unajua hapo palikuwa na nini. Basi usinihurumie tena. Ngoja niseme mwenyewe.

Juma lile mkonge ulinipungukia. Kamba ilikuwa imebakiza kama hatua nne kufika urefu aliotaka Oswald. Nilimwambia asubiri nikakate mwingine Singe, niupare, niuanike. Akasema nyuki hawasubiri, msimu unaisha. Unajua alivyokuwa, anacheka huku anakukokota. Nikachukua kipande cha kamba ya zamani iliyokuwa inafunga ndama, nikakiunga katikati. Nilikiunga vizuri, nikakivuta kwa mguu, nikajiambia kitashika. Kwa kamba ya ng'ombe nisingefanya hivyo. Kwa mnunuzi wa mnadani nisingefanya hivyo. Kwa mwanangu mwenyewe nilifanya, kwa sababu aliniharakisha na mimi nilimpenda.

Sijamwambia mtu. Baba Oswald hajui. Padri hajui. Kila nikiona mkonge umesimama pembeni mwa njia nageuza uso. Mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu, Hilaria, na wewe umenibebea siri hiyo ukiwa mtoto. Nisamehe.

Sasa kamshikie mwenzako kamba, usipoteze kazi yako kwa ajili ya kosa langu. Kamba za huko hazijaungwa na mimi.

Bernadina


Innsbruck
14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Kamba haikukatika. Kiungo chako kilishika. Kilipita mbele ya macho yangu kikishuka, kizima, na vifundo vyake vyote viwili, nikakiona vizuri.

Oswald alizungusha kamba kwenye mti mara mbili, akanipa ncha. Alisema, "Hila, hata akija simba, usiachie. Simba atakula wewe kwanza, mimi nitasikia." Tukacheka. Akashuka na moshi wake na debe. Alifika, nikamsikia anaongea na nyuki kama alivyokuwa anaongea nao, anawaomba radhi. Halafu upepo ukageuka, moshi ukaenda upande mwingine na nyuki wakapanda juu kwangu. Waliniingia usoni, masikioni, ndani ya kitenge. Niliinua mikono yote miwili.

Nimejaribu miaka tisa kusema kamba iliniponyoka. Haikuniponyoka. Niliachia. Mikono yangu ilichagua uso wangu.

Nilishuka ule mwamba peke yangu, bila kamba, nyuki wakiwa bado kichwani. Ndipo nilipojifunza kukwea, Shangazi, si Arusha. Nilimkuta anapumua. Alifungua macho akaniuliza, "Wamekuuma wengi?" Nikamwambia wachache. Akasema vizuri. Hakusema kitu kingine.

Watu walipofika, mzee mmoja alitazama kamba chini akasema imekatika. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Niliona Baba Oswald anaikusanya na kuiwasha moto, nikashukuru, na kwa kushukuru kule nimejichukia mpaka leo. Habari za kiungo chako sikuzijua mpaka uliponiandikia. Naapa sikujua kama unajihesabia kosa wewe. Nilidhani umeacha kusokota kwa majonzi tu.

Ninakwea pasipo na kamba kwa sababu hapo nikianguka naanguka mimi. Ndiyo jibu la swali lako la Machi.

Usinijibu haraka.

Hilaria


Innsbruck
30 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo, na kwa Baba Oswald pia. Natumaini mvua za vuli zimefika na mpo wazima. Kila Jumanne naangalia sanduku la barua. Wiki kumi na moja zimepita. Nimemuuliza Katekista Anthony kwa simu, akasema barua yangu alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani bila kumkaribisha chai. Akasema hajawahi kukosa chai kwako.

Sikuombi unijibu. Nakueleza tu yaliyotokea.

Mwisho wa Septemba nilimwambia kocha ukweli wote. Akaniongezea muda mpaka baada ya Pasaka. Mwezi huu nimemshikia Josephine kamba mara kumi na mbili. Alianguka mara tatu, akaning'inia, akacheka, akaendelea. Kocha anasema nashika vizuri. Sijamwambia kwamba sishiki mimi. Kinashika chuma. Mimi nasimama tu hapo chini na mikono imelowa jasho, na kama chuma kisingekuwapo, ndipo ningejua mikono yangu ni ya namna gani.

Likizo yetu inaanza mwishoni mwa Machi. Sijui niende wapi.

Hilaria


Nangara, Babati
11 Januari 2026

Hilaria,

Marahaba. Tuko hai.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuandika. Barua yako ya Septemba niliisoma, nikaiweka kwenye pipa la unga, nikakuchukia. Neno hilo naliandika ulione. Picha zako zote mbili nilizigeuzia ukutani. Mama Goodness akauliza, nikamwambia zinaingia vumbi. Siku nyingine nilikuwa nakuchukia kwa kuachia, siku nyingine kwa kuniacha miaka tisa na kiungo changu shingoni. Na siku nyingine, nikiwa nachambua maharage, nilijikuta nasema kwa sauti, "Kilishika," nikalia kwa furaha, kisha nikaona aibu kwamba mama mtu anafurahia kitu kama hicho.

Baada ya Krismasi nilimsomea Baba Oswald. Zote mbili, yako na yangu, maana yangu nilikuwa nimeiandika kwanza kwenye daftari. Alisikiliza, fimbo magotini. Nilipomaliza akasema, "Niliiona, Mama Oswald. Ilikuwa nzima. Ndiyo maana niliichoma." Aliichoma ili watu wasije wakaiona nzima wakakusumbua wewe, mtoto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Ningekuambia, ungeweza kumpikia?" Sijui kama ningeweza. Hakujua ninajihesabia kosa mimi. Angejuaje? Sikuwahi kusema. Watu watatu tumekula ugali wa sufuria moja miaka yote ile, kila mmoja na lake mdomoni.

Kuhusu kusamehe, padri ananihimiza. Nimemwambia asinikimbize, mtu aliyenikimbiza namkumbuka. Sijui, Hilaria. Asubuhi nadhani nimesamehe, jioni naona bado. Lakini pale Oswald alipokuuliza kama wamekuuma wengi, pale nimepasoma mpaka karatasi imechakaa. Huyo ndiye mwanangu. Hakuna mtu mwingine angenipa maneno yake ya mwisho isipokuwa wewe, na ulikuwa nayo. Uliteremka ule mwamba ukiwa mtoto ili asife peke yake. Hilo nalo naliandika ulione. Picha nimezigeuza zitazame ndani.

Jumatano nilikwenda Singe nikakata mkonge. Nimeupara, nikauanika, umetoka mweupe mzuri. Mama Goodness amesimama kwenye ua wake siku mbili anajifanya anafagia. Nimemwahidi kamba ya mbuzi.

Ila unajua kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anasokota akirudi kinyumenyume, mwingine anashika ncha, anavuta na kulegeza kadiri anavyousikia uzi. Ulikuwa mdogo na ulikuwa ukijua kuliko Oswald. Baba Oswald goti halimruhusu. Nilifunga ncha kwenye nguzo ya zizi nikajaribu. Nguzo inashika, lakini haisikii kitu. Kamba ilitoka na vinundu kila mahali, nimeifumua yote. Nyuzi zimelala kwenye kapu, zimefunikwa na kitenge chako cha zamani.

Umesema likizo inaanza mwishoni mwa Machi na hujui uende wapi. Huku kwetu hicho chuma hakipo. Ipo mikono tu. Njoo unishikie ncha.

Shangazi yako,
Bernadina